Kona ya mfuko wa barafu: namna tunavyochekecha na kuhesabu plastiki ufukweni Kunduchi

Kipande kilichonifanya nianze kuhesabu kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Pembe tatu, laini, hakina rangi. Nilikiokota pwani ya Kunduchi, hatua chache kutoka wanapopaki ngalawa, nikakigeuzageuza nikidhani ni gamba la samaki. Halafu nikaona alama za meno. Ilikuwa kona ya mfuko wa barafu, ile ambayo mtoto huing'ata, akaitema, ndipo akaanza kunyonya. Nikainama, nikaona nyingine. Nikapiga magoti kabisa. Mahali pa kutosha kutandika kanga moja nilipata kona kumi na tisa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na madera. Baba yangu alikuwa mvuvi hapahapa. Kwa muda mrefu tulikuwa tukisafisha ufukwe kama wanavyofanya watu wengi wa Dar: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, glovu, viroba, picha ya pamoja, kila mtu kwake. Usafi ule sijauacha. Ila mwezi uliofuata uchafu ulikuwa uleule, maana tulikuwa tunaondoa bila kujua nini kimetoka wapi. Na yale makombo yaliyozama mchangani, ambayo mkono hauyashiki, tulikuwa tunayakanyaga tu na kupita.

Plastiki haiozi. Jua la kwetu huikausha, mawimbi na mchanga huisaga, inavunjika na kuvunjika tena. Ikishafika chini ya milimita 5 wataalamu huiita maikroplastiki. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliokuta makombo hayo ndani ya kombe wa pwani ya Tanzania. Mtu aliyewahi kuokota kombe na mama yake ataelewa kwa nini habari ile ilininyima usingizi: samaki tunamtumbua, tukatupa utumbo, lakini kombe tunamla mzima.

Kazi ninayoeleza hapa inamalizwa na watu wanne kwa asubuhi moja, na jioni moja nyumbani. Haihitaji maabara.

Anza na mwezi wa angani. Sisi tunakwenda siku za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Dar siku hizo maji hujaa sana alfajiri, kwenye saa kumi hivi, na kati ya saa nne na saa tano asubuhi yanakuwa yamepwa kabisa. Yale maji makubwa ya alfajiri ndiyo yanayoacha juu ya ufukwe mstari wa mwani, vijiti na takataka, na mstari huo ndio unaosomwa. Ukienda leo kwenye bamvua na mwezi ujao kwenye maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, hesabu zako mbili hazitalingana hata kama uchafu haujabadilika. Vivyo hivyo kwa misimu. Masika, kati ya Machi na Mei, mito na makorongo ya mji huu hutapika kila kilichotupwa ndani yake tangu mvua zilizopita. Mkondo wa bahari hapa kwetu huenda kaskazini mwaka mzima, na upepo wa kusi huuongezea kasi, kwa hiyo taka iliyoingia baharini kwa Mto Msimbazi pale Salenda usishangae kuikuta imelala kwenye ufukwe wa mwingine huku juu. Linganisha masika na masika, kaskazi na kaskazi.

Vifaa vingi unavyo jikoni. Unahitaji kamba ya mita 100, na iwe ya katani, kwa sababu ya nailoni inamwaga nyuzi. Fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita, seremala yeyote atakupigia kwa mabaki. Koleo dogo la chuma, rula, ndoo ndogo, sinia pana la bati. Chekeche mbili: moja ya waya wenye matundu ya milimita 5, kama ule mafundi ujenzi wanaochekechea mchanga, na nyingine chekeche ya unga ya chuma, ambayo matundu yake ni kama milimita 1. Chumvi ya mawe kilo mbili. Kibano. Kitambaa cheupe cha pamba. Chupa tupu za jamu zenye mifuniko. Daftari na penseli, kwa sababu wino wa peni ukiguswa na maji ya chumvi umepoteza kazi ya siku nzima.

Kuhusu chekeche nina jambo la kueleza kwa kirefu, maana liliniharibia miezi mitatu. Mwanzoni sikununua. Nilichukua chandarua cha zamani cha bluu, nikakishona kwenye fremu, mshono mzuri wa kukunja mara mbili, nikaona nimeokoa pesa. Kila sampuli tuliyochekecha tukakuta nyuzi nyembamba za bluu. Tuliandika "nyuzi za nyavu" tukaanza kuwatazama wavuvi kwa jicho baya. Mwezi wa tatu kijana mmoja wa kikundi chetu akashika uzi mmoja akausogeza kwenye fremu, rangi ikawa ileile. Chandarua nacho ni plastiki, na kila nilipokitikisa kilikuwa kinaangusha nyuzi zake kwenye mchanga wangu. Nilikwenda kwa wazee wa ngalawa nikawaomba radhi. Kurasa zile tatu za daftari nimezikata kwa mstari lakini sijazichana, zipo, ili anayejiunga nasi azisome.

Tangu siku hiyo tuna kanuni mbili. Ya kwanza, anayechekecha avae pamba: kanga, fulana ya pamba, si dera la poliesta. Ya pili, pembeni ya kazi tunaweka bakuli la maji safi likiwa wazi. Nyuzi zitakazodondoka ndani ya bakuli hilo zimetoka kwetu au hewani, na tunazitoa kwenye hesabu.

Ukifika ufukweni, nyoosha kamba sambamba na maji, juu ya mstari wa mwani. Weka alama ya kudumu mwanzo na mwisho, mnazi au jiwe, ili kila mara urudi mita 100 zilezile. Watatu wanatembea kuanzia maji yalipo hadi kwenye mivinje, mmoja anaandika. Kila kinachookotwa kinatajwa kwa sauti kabla hakijaingia kwenye kiroba.

Andikeni kitu kwa kazi yake. "Plastiki ishirini" haikusaidii chochote. Andika kifuniko cha chupa, mrija, kijiti cha pipi, pakiti ya biskuti, kifungashio, ndala, kipande cha kamba, kipande cha jarife, pampasi, lile povu jeupe la maboksi. Kitu kikiwa na maandishi, yasome. Tumewahi kuokota chupa yenye maandishi ya Kiindonesia, imevuka bahari yote hiyo ikiwa na kome wadogo mgongoni. Hiyo iandike pembeni, maana mlango wake hauko Tanzania.

Utagundua kwamba vifuniko ni vingi kuliko chupa. Kuna sababu mbili. Plastiki ya kifuniko ni nyepesi kuliko maji na inaelea siku zote, wakati ile ya chupa yenyewe ni nzito, ikijaa maji inazama. Sababu ya pili ni kwamba chupa ina mnunuzi. Waokota makopo wanapita alfajiri kabla yetu, wanauza kwa kilo, na ukweli ni kwamba wamesafisha fukwe za mji huu kuliko vikundi vyote vyenye fulana. Kisichokuwa na mnunuzi ndicho kinachobaki. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na tofauti tunaiona kwa macho. Siku hizi rambo linatoka mchangani likiwa vipande vya zamani, vimepauka, ukishika vinasambaratika. Nafasi yake imechukuliwa na vifungashio, ile mifuko miembamba isiyo na mikono. Sheria inaviruhusu kwa kufungia bidhaa, lakini sokoni watu wanapewa kubebea.

Tahadhari. Vaeni glovu, na muwe na kopo gumu lenye mfuniko kwa ajili ya sindano za hospitali na viwembe, usiviache vikatoboa kiroba na mguu wa mtu. Nyavu zilizonasa kwenye mizizi ya mikoko zikateni kwa kisu taratibu, msivute. Na mwani uacheni. Watu wanaokuja kusafisha hupenda kukusanya na mwani wote ili ufukwe uonekane mweupe, lakini mwani unashika mchanga usichukuliwe na maji, na kaa wanaishi humo. Utikise, toa plastiki, urudishe ulipokuwa.

Sasa mchanga. Kwenye mstari wa mwani, laza fremu kwenye mita ya 10, ya 30, ya 50, ya 70 na ya 90. Usichague pachafu, wala usichague pasafi. Fremu inalala pale kamba inapoonyesha. Chota mchanga wote ulio ndani ya fremu kwa kina cha sentimita 2, rula ipo kwa ajili hiyo. Utapata lita 5 kamili, ndoo yako ndogo. Fremu nne ni mita moja ya mraba, kwa hiyo hesabu ya fremu moja ukizidisha kwa nne una jibu la mita ya mraba.

Mchanga mbichi haupiti kwenye chekeche. Peleka nyumbani, mwaga kwenye sinia, anika juani ukiufunika kwa kanga ili upepo usilete ya kwake. Ukikauka, pitisha kwenye waya mkubwa kwanza, vinavyobaki juu vinaingia kwenye hesabu ya vitu vikubwa. Kisha pitisha kwenye chekeche ya unga. Mchanga mwembamba unaopita chini unarudi baharini. Humo nako kuna plastiki, lakini inataka darubini. Kinachobaki juu ya chekeche ndicho chako: vigae vya simbi, vipande vya matumbawe, vijiti, na makombo.

Hapo chumvi inaingia. Kwenye lita 5 za maji tia kilo mbili zote, koroga mpaka uone chumvi kidogo imebaki chini inakataa kuyeyuka. Maji yameshiba. Yachuje kwa kitambaa cha pamba kabla ya kuyatumia, kwa sababu chumvi ya bahari yenyewe huja na makombo ya plastiki. Maji haya ni mazito kuliko ya bahari, kwa hiyo plastiki nyingi inayobisha kuelea baharini humu itapanda. Mimina mabaki ya chekeche, koroga kwa mwiko wa chuma, uache nusu saa bila kugusa.

Mara ya kwanza kufanya hivi niliwaita majirani waje waone. Simbi zote zilitulia chini, na juu ya maji ikatokea ngozi ya rangi: nyekundu ya kifuniko, kijani ya kamba, nyeupe ya povu, na zile pembe tatu zisizo na rangi ambazo mwanga wa jioni ulizionyesha kwa kingo zake tu. Mtoto wa jirani alidhani ni shanga.

Engua kwa kichujio cha chai. Koroga tena, subiri, engua tena. Suuza kwa maji safi, tandaza kwenye kitambaa cheupe, panga kwa kibano. Maji ya chumvi yahifadhi kwa mwezi ujao, usiyamwage kwenye mimea. Ujue pia mpaka wa njia hii: plastiki ya chupa za maji, ile ya mabomba magumu na nyuzi za poliesta ni nzito, hazipandi hata kwenye chumvi. Kwa hiyo baada ya kuengua, mwaga maji, tandaza kilichozama, ukikague kwa jicho na kamera ya simu uliyoivuta karibu.

Kama huna hakika kipande ni plastiki au simbi, pasha sindano kwenye moto wa mshumaa, kiguse. Plastiki inajikunja au inanata. Simbi haitikisiki. Kwa uzi nafanya tunavyofanya mafundi kupima kitambaa: pamba ikiungua inanuka karatasi na kuacha jivu linalopukutika, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Fanya hivyo dirishani, usivute moshi wake.

Ukikuta punje za mviringo zinazolingana, kama dengu, nyeupe au zinazopitisha mwanga, hizo hazikuvunjika kutoka kitu chochote. Ni malighafi ya viwanda, plastiki kabla haijawa ndoo. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl iliungua karibu na Colombo, Sri Lanka, fukwe zikafunikwa na punje hizo. Zikionekana kwako, andika tarehe na mahali, piga picha, peleka taarifa mapema kwa NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira.

Kwenye mabaki yaliyozama ndiko nilikokuta kilichoniuma zaidi. Kipande cha kitambaa, urefu wa sentimita tatu, poliesta ya bluu iliyoiva, rangi ya sketi za shule. Kimoja hakikunishtua. Kilichonishtua ni ukingo wake. Ulikatwa kwa mkasi wa zigizagi, meno, meno, meno, halafu pengo, halafu meno tena. Mkasi wangu una jino moja lililovunjika tangu ulipodondoka sakafuni. Niliukata uleule ukingo kwenye kitambaa kipya, nikaviweka pamoja, pengo likalingana.

Miaka yote nilikuwa nafagia vipande vyangu jioni na kuvitupa kwenye korongo nyuma ya kibanda, kama wafanyavyo wenzangu. Nilidhani mvua inavipeleka mahali fulani visikokuwepo. Sasa vinaingia kwenye kiroba kimoja kimoja, vya pamba nauza kwa mafundi gereji wa kufutia grisi, vya poliesta najazia mito. Mafundi wanne wa mtaa wetu wameshaanza kufanya hivyo baada ya kukiona kipande kile kwa macho yao. Kipo kwenye chupa, siwaelezi mengi.

Viroba vilivyojaa navyo vina mpango wake, na upangwe kabla ya kuokota. Mara moja tulijaza viroba ishirini na tatu, tukaviacha juu ya mchanga kwa ahadi kwamba gari la taka litapita jioni. Halikupita. Ilikuwa bamvua. Alfajiri maji yakavibeba vyote, na asubuhi tukawa tunaokota takataka zetu wenyewe. Siku hizi naonana na mwenyekiti wa mtaa wiki moja kabla, tunakubaliana siku na saa, na viroba havibaki ufukweni hata kwa saa moja. Tunavivusha hadi barabarani. Chupa na madumu tunawaachia waokota makopo. Msichome. Moshi wa plastiki ni sumu, na moto wa ufukweni hauimalizi, unaigeuza mabonge meusi yanayofanana na mawe, ambayo mwaka kesho yatakuwa makombo na hakuna atakayeyatambua.

Jioni hiyohiyo jumlisheni daftari. Tafuta safu ndefu kuliko zote, ujiulize kitu hiki kinaanguka mikononi mwa nani, saa ngapi, akiwa amesimama wapi. Usianze na kitu kikubwa cha serikali. Anza na kile ambacho unaweza kumfikia mwenye nacho kwa miguu. Kwetu safu ndefu ilikuwa kona za barafu.

Nilimfuata mama anayeuza barafu za ubuyu na maembe karibu na shule, binti wa makamo ya mwanangu. Nilikwenda mchana, wanafunzi wakiwa darasani, maana jambo la namna hii halisemwi mbele ya wateja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za biashara?"

Baada ya salamu nikatoa chupa ya jamu nikaiweka juu ya friji yake. Aliitazama, akaifungua, akatoa kona moja akaiweka kwenye ncha ya kidole.

"Hizi zote zangu?"

"Si zote. Na wewe hukuzitema. Zipo hadi kwenye mchanga wanapookotea kombe."

Alikaa kimya kidogo. Wazo lililofuata lilikuwa lake, mimi sikwenda na jibu. Alichukua mkasi mdogo, akakata kona ya barafu moja, akaiangusha kwenye kopo la maziwa, akanipa barafu ile ikiwa tayari kunyonywa. "Nikimkatia hapa hapa," akasema, "atatema nini?" Mfuko wenyewe akawaambia watoto anayerudisha mitano anapewa barafu ndogo bure.

Nilimshonea mfuko wa pamba wa kuning'iniza mkasi wake kwenye friji. Kopo linajaa karibu kila Ijumaa, nalipitia nikitoka msikitini. Kwenye fremu zetu tano kona bado zipo, za zamani zinaendelea kuibuka kila maji yanapogeuza mchanga, lakini zenye alama mbichi za meno zimepungua mpaka mwezi uliopita tuliona mbili tu. Wauza barafu wa mtaa wa pili wameomba nao waletewe chupa waione.

Safu inayofuata kwa urefu ni vijiti vya pipi. Hivyo vinauzwa kwenye kila genge kuanzia barabarani hadi pwani, na bado tunatafuta tuanzie kwa nani.